Kisiki cha Roraima

Mipaka ya Venezuela, Brazili na Guyana inakutana juu ya jiwe moja. Jiwe hilo ni mlima Roraima. Anayeutazama kutoka savana ya kusini haoni kilele kilichochongoka, anaona ukuta. Magenge yake yamesimama wima kwa takriban mita 400 kuuzunguka mlima, na juu ya magenge hayo kumelala uwanda wa kilomita za mraba 31 hivi, ambao mara nyingi umefunikwa na mawingu. Sehemu yake ya juu kabisa iko mita 2,810 kutoka usawa wa bahari. Kilimanjaro unaupita zaidi ya mara mbili kwa urefu, lakini Kilimanjaro una njia kadhaa za kupandia. Roraima umemwachia mtu asiye na kamba wala misumari ya miamba njia moja tu, na njia hiyo ilichukua muda mrefu sana kuingia katika vitabu.

Milima ya namna hii Wapemon, wenyeji wa savana hiyo, huiita tepui. Iko zaidi ya 100 katika eneo lile, mingi ikiwa Venezuela. Auyán-tepui ndio unaomwaga maporomoko ya Angel, marefu kuliko yote duniani kwa mita zake 979. Lakini Roraima ndio uliovuta wasafiri kwanza, na ndio wenye historia ndefu zaidi katika maandishi.

Kabla ya maandishi kulikuwa na masimulizi. Wapemon, pamoja na ndugu zao Wakapon wa upande wa Guyana, wanasema kwamba zamani za njaa shujaa wao Makunaima na nduguze hawakuwa na cha kula. Akuli, mnyama mgugunaji mdogo wa msituni, ndiye pekee aliyekuwa akirudi ameshiba. Wakamfuatilia, wakaukuta mti mkubwa uitwao Wazaká, uliobeba matunda ya kila aina. Akuli akawasihi wasiukate. Hawakusikia. Mti ukaanguka, na kwenye kisiki yakabubujika maji yaliyofurika nchi nzima. Mti ulilalia upande wa misitu, ndiyo maana huko matunda ni mengi mpaka leo. Upande wa savana kilibaki kisiki, na kisiki hicho ndicho Roraima.

Mjerumani Theodor Koch-Grünberg alifika sehemu hizo mwaka 1911, akayaandika masimulizi haya na mengine mengi kutoka vinywani mwa Wapemon wawili: Mayuluaípu wa kundi la Wataurepan, na msimulizi wa kundi la Waarekuna ambaye naye aliitwa Akuli. Aliwataja kwa majina, jambo ambalo wasafiri wengi wa enzi yake hawakulifanya. Kazi hiyo ndiyo iliyompa mwandishi wa Brazili, Mário de Andrade, chimbuko la riwaya yake Macunaíma ya mwaka 1928, moja ya vitabu vinavyosomwa sana katika fasihi ya nchi hiyo.

Wanajiolojia nao wana simulizi lao, na linashangaza jinsi linavyokaribiana na lile la Wapemon. Yapata miaka bilioni 1.8 iliyopita, mito mikubwa ilimwaga mchanga juu ya mwamba wa kale uitwao Ngao ya Guiana. Mchanga uliwekwa tabaka juu ya tabaka, ukalemewa na uzito wake, ukashikamana kwa kwatzi hadi ukawa mwamba mgumu mno. Ngao hiyo na mwamba wa kale wa Afrika Magharibi viliwahi kukaa pamoja ndani ya bara la Gondwana, hadi Atlantiki ilipofunguka katikati yake zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Kisha ardhi ikainuka, nyufa zikapanuka, na maji yakaanza kazi ya kula na kubeba. Sehemu kubwa ya uwanda ule wa kale imekwisha kupelekwa baharini chembe kwa chembe. Tepui ni vipande vilivyosalia. Kwa hiyo msimulizi wa Kipemon na mwanajiolojia wanakubaliana juu ya jambo la msingi: Roraima ni mabaki ya kitu kikubwa zaidi ambacho hakipo tena.

Wanakubaliana pia kuhusu maji. Mvua hunyesha juu ya Roraima karibu kila siku, na maji yake hugawanyika pande tatu. Mengine hushuka kwa mto Arabopo na kuishia Orinoco. Mengine hufuata mto Cotinga hadi Rio Branco, na kutoka hapo yakaingia Amazoni. Ya upande wa Guyana huelekea Mazaruni na kumalizikia Essequibo. Mawingu yakisafishwa na upepo baada ya mvua, nyuzi nyeupe za maji huonekana zikining'inia kwenye magenge, na mtu akiziona haoni ajabu kwamba wenyeji walisema mafuriko yalitoka kwenye kisiki.

Wageni kutoka Ulaya walianza kwa tetesi. Mwaka 1595 Mwingereza Walter Raleigh aliupanda mto Orinoco akitafuta dhahabu ya El Dorado, na katika kitabu alichochapisha mwaka uliofuata alieleza habari za mlima wa fuwele wenye maji yanayoporomoka. Wako wanaosema huo ulikuwa Roraima. Mimi sioni ushahidi wa kutosha. Raleigh alikuwa mamia ya kilomita kutoka hapo, na tepui zenye maporomoko ni nyingi.

Aliyefika chini ya Roraima na kuuandikia kwa uhakika ni Robert Schomburgk, Mjerumani aliyetumwa na Royal Geographical Society ya London, mwaka 1838. Alirudi mwaka 1842 pamoja na ndugu yake Richard, mtaalamu wa mimea. Robert Schomburgk ndiye pia aliyechora mstari wa mpaka wa koloni la Guiana ya Uingereza, yaani Guyana ya leo, na ugomvi kati ya Venezuela na Guyana kuhusu ardhi ya Essequibo, ambao tangu mwaka 2018 umo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, una mizizi katika enzi hiyo ya mistari yake. Kuhusu Roraima, akina Schomburgk walisimama chini wakatazama juu, wakaona magenge hayapandiki. Walikusanya mimea ya miteremkoni, ikiwamo mmea mmoja wenye vikombe ambao mwaka 1840 mtaalamu George Bentham aliuita Heliamphora nutans.

Kwa miaka zaidi ya arobaini waliofuata walitoa hukumu ileile. Charles Barrington Brown, mwanajiolojia, aliuona mwaka 1869, akaona labda puto ndilo lingeweza kumfikisha mtu juu. Wakusanyaji wa ndege na wa okidi walikuja wakaondoka. Magazeti ya London yakaanza kuuliza kama hakuna mtu atakayejaribu. Swali hilo lilikuwa na msisimko wake, kwa sababu nadharia ya Charles Darwin ilikuwa bado mpya. Ikiwa viumbe hubadilika wanapotengwa, basi uwanda uliokatwa na dunia kwa magenge pande zote ulipaswa kuwa na viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaona.

Everard im Thurn aliwahi kuwa mtunzaji wa makumbusho ya Georgetown, na mwaka 1884 alikuwa hakimu katika wilaya ya Pomeroon, huko Guiana ya Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 32, na tofauti na wengi wa wenzake serikalini, alikuwa ametumia miaka akiishi karibu na wenyeji na kuandika juu ya maisha yao. Mwishoni mwa mwaka huo alifunga safari pamoja na Harry Perkins, mpima ardhi, wakapanda mito kwa mitumbwi na kuvuka savana kwa miguu, wakiwa na wenyeji waliokuwa wapagazi, wapiga makasia na viongozi wa njia. Walipopiga kambi katika kijiji cha Waarekuna upande wa kusini-magharibi, im Thurn aliutazama ukuta kwa siku kadhaa. Aliona kitu: ukingo wa mwamba wenye vichaka, unaopanda kimshazari kutoka chini hadi juu ya genge. Mahali pamoja ukingo huo ulikatwa na maporomoko yaliyouangukia moja kwa moja. Haikuwezekana kujua kutoka chini kama palipitika.

Wenyeji walifyeka njia kwenye msitu wa miteremko, ambao ni mzito na uliolowa mpaka mizizi. Hiyo ndiyo kazi iliyofungua mlima, na inastahili kutajwa kabla ya jina la yeyote aliyekwenda nyuma yake. Tarehe 18 Desemba 1884 msafara ulipita chini ya maporomoko, ukakwea sehemu ya mwisho, ukatokea juu. Sifa ziliandikwa kwa majina ya Waingereza wawili. Njia yenyewe haijabadilika: wanaopanda leo kwa miguu hupita ukingo uleule na kulowa kwa maji yaleyale.

Walichokikuta juu hakikufanana na picha ambayo neno uwanda humpa mtu. Hakuna ubapa. Kuna mawe meusi yaliyochongwa na maji na upepo katika maumbo ya kila namna, mengine yamesimama kwa mguu mwembamba kama uyoga, mengine yamelaliana na kuacha mapango chini yake. Weusi huo ni ngozi tu ya viumbe hai wadogo waliojishikiza juu ya mwamba; ndani jiwe ni la rangi ya waridi. Kati ya mawe kuna madimbwi, vinamasi, na mahali ambapo fuwele nyeupe za kwatzi zimetapakaa chini. Usiku baridi ni kali, mchana jua likitoka huchoma, na ukungu huingia na kutoka bila taarifa.

Udongo ni haba sana, na ulio­po hauna rutuba, kwa kuwa mvua imekwisha kuosha karibu kila chumvi inayolisha mimea. Ndipo mimea ya Roraima ilipotafuta chakula kwingine. Heliamphora hukusanya mvua ndani ya vikombe vyake vyekundu na kijani, na mdudu anayeteleza humo hafanikiwi kutoka. Drosera roraimae hutandaza majani madogo yenye matone ya ulimbo. Utricularia huwa na vifuko vidogo vya kunasia viumbe vya majini. Aina moja, Utricularia humboldtii, huishi ndani ya maji yanayokaa katikati ya majani ya bromelia, ambazo ni jamaa za mnanasi, na hutoa ua kubwa la zambarau. Tunazoea kufikiri kwamba mnyama hula mmea. Juu ya Roraima umaskini wa ardhi umeugeuza utaratibu huo, na kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko hadithi yoyote ya ajabu iliyotungwa kuhusu mlima huu. Mimea ya msafara wa im Thurn ilichunguzwa na wataalamu wa London, na matokeo yakachapishwa na Linnean Society mwaka 1887.

Miaka kumi baada ya im Thurn, mwaka 1894, walipanda John Joseph Quelch, naye wa makumbusho ya Georgetown, na Frederick McConnell. Walirudi na chura. Mwaka uliofuata George Boulenger wa makumbusho ya London alimpa jina la Quelch: leo huitwa Oreophrynella quelchii. Ni mdogo, karibu na ukubwa wa korosho, mweusi kama jiwe analokalia, na tumbo lake lina rangi ya manjano. Haruki. Hutembea polepole juu ya mwamba, akishikilia kwa vidole vyake. Jamaa yake wa mlima jirani wa Kukenán, akitishwa na adui, hukunja miguu yake chini ya mwili na kujiachia aviringike kwenye jiwe kama kokoto hadi ajikwame mahali salama. Katika jenasi hii hakuna viluwiluwi: mayai huanguliwa vyura wadogo waliokamilika. Kwenye mlima ambao madimbwi yake hujaa na kukauka kwa saa chache, huo ni mpango wa busara.

Dunia hata hivyo haikusubiri habari za chura. Mwaka 1912 Arthur Conan Doyle alichapisha riwaya ya The Lost World, ambamo wasomi wa Kiingereza wanakuta dinosauri hai juu ya uwanda wa Amerika ya Kusini uliozungukwa na magenge. Tangu hapo, Roraima umetembea na jina hilo la kubuni mgongoni. Watalii huuzwa "ulimwengu uliopotea," na filamu zimetumia mandhari yake. Lakini mwamba wa Roraima uliwekwa zaidi ya miaka bilioni moja kabla ya mnyama wa kwanza kuwapo duniani. Mchanga ule ulipomwagwa, uhai ulikuwa bado wa viumbe visivyoonekana kwa macho. Anayechimba mwamba wenyewe hatapata hata mfupa wa samaki, sembuse wa dinosauri.

Mamalia wapo, na ni wachache. Msafara wa makumbusho ya historia ya asili ya New York ulioongozwa na G. H. H. Tate mwaka 1927 ulipata panya mdogo mwenye manyoya marefu. Mwaka 1929 alielezwa kwa jina Podoxymys roraimae. Wapo pia ndege wachache waliozoea baridi, akiwamo shomoro mwenye shingo ya hudhurungi anayefika hadi kwenye kambi za wasafiri kuokota makombo. Mwaka 1973 wakwea miamba wa Uingereza, wakiwamo Hamish MacInnes, Don Whillans, Joe Brown na Mo Anthoine, waliupanda ukuta wenyewe kutoka upande wa Guyana, katika mvua na buibui. Mwanzoni mwa karne hii wachunguzi wa mapango nao waliingia ndani ya mlima na kupima mapango yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, yaliyotobolewa na maji katika mwamba ambao vitabu vilikuwa vikisema ni mgumu mno kutobolewa hivyo.

Badiliko kubwa katika kuuelewa mlima huu lilikuja mwaka 2012. Philippe Kok na wenzake walilinganisha jeni za vyura na mijusi wa tepui mbalimbali. Kwa zaidi ya karne moja wengi walikuwa wakiamini kwamba viumbe wa kila uwanda walitengwa huko tangu magenge yalipokatika, mamilioni mengi ya miaka. Jeni zilisema vingine. Ukoo wa Oreophrynella ni wa kale kweli, lakini vyura wa mlima mmoja na wa mlima mwingine wanatofautiana kidogo mno kuwa wameachana zamani hizo. Yaani walisafiri. Zama za baridi, pale hali ya hewa ya juu ilipoteremka mabondeni, viumbe waliteremka nayo na kuvuka, kisha joto liliporudi wakapanda tena, kila kundi kwenye mlima lililoufikia. Uchunguzi wa chavua zilizozikwa katika matope ya vinamasi vya tepui, ambao Valentí Rull ameufanya kwa miaka mingi, nao unaonyesha mimea ikishuka na kupanda. Ngome iliyodhaniwa imefungwa ilikuwa na mlango, na mlango wenyewe ulikuwa baridi.

Jambo hilo linabadilisha namna ya kuuhofia mlima. Kama joto la dunia linaendelea kuongezeka, hakuna wa kuteremka. Njia pekee ya kukimbilia baridi ni kupanda, na chura aliyeko mita 2,700 kwenye mlima wa mita 2,810 amebakiwa na nafasi ndogo.

Tanzania inalijua jambo hili kwa uchungu. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Udzungwa, aliishi katika eneo dogo tu lililolowa kwa manyunyu ya maporomoko. Naye hana viluwiluwi. Huzaa watoto waliokamilika. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na baada yake ukaja ugonjwa wa ukungu unaoua vyura. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka katika mazingira yake ya asili. Alinusurika kwa sababu mamia kadhaa walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, wakazaliana, wakarudishwa nyumbani mwaka 2010, na miaka miwili baadaye wakaanza kuachiwa korongoni. Wako waliouliza kwa nini nchi ihangaike na chura. Jibu lipo Kihansi na lipo Roraima: kiumbe mwenye makao madogo kiasi hicho hupotea kwa kosa moja, na mara nyingi kosa lenyewe huletwa kutoka mbali.

Roraima sasa unalindwa kwa sheria. Hifadhi ya Canaima ya Venezuela ilianzishwa mwaka 1962, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba 30,000 na kuuingiza mlima ndani yake, na mwaka 1994 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Brazili ilitangaza hifadhi yake upande wa pili mwaka 1989. Wapandaji huanzia kijiji cha Wapemon cha Paraitepui, wakavuka mito ya Tek na Kukenán na kulala chini ya ukuta kabla ya kupanda ukingo wa im Thurn. Waongozaji na wapagazi ni Wapemon, na sheria za njia ni kali: fuwele haziokotwi, takataka zote zinashushwa, hata kinyesi cha wageni kinabebwa kwa mifuko hadi chini. Pamoja na hayo, watafiti wamekuta magugu ya kigeni yameota juu, mbegu zake zikiwa zimeingia kwa viatu na mizigo ya wapandaji.

Basi kama utajaliwa kufika huko, osha viatu vyako kabla ya kupanda, mfuate mwongozaji wako wa Kipemon, na uache kila jiwe mahali ulipolikuta.